Ulipie injini ya kutafuta au ubaki na ya bure? Hesabu ya kufanya kabla ya kutoa pesa

Mjomba wangu anaishi Maskati na pasi yake ni ya Oman. Mwaka jana, alipotaka kuja Mombasa kwenye arusi ya binti wa dada yake, alichukua simu akaandika jina la kibali cha kuingia Kenya, akagusa kiungo cha kwanza kilichotokea, akajaza fomu, akalipa. Kibali hicho serikali hukitoza dola 30 na ushee. Yeye alikatwa 95.

"Mjomba, ulilipia wapi?" nilimuuliza aliponipigia.

"Papo hapo Google, mwanangu. Ile ya juu kabisa."

Ile ya juu kabisa ilikuwa tangazo la wakala. Kibali alikipata, na kwenye ile tovuti, chini kabisa, kwa maandishi madogo, walikuwa wamesema kwamba wao si serikali. Lakini dola sitini na kitu zilikwenda kwa kazi ya kunakili jina na namba ya pasi kutoka fomu moja hadi nyingine. Iliniuma sana, kwa sababu kazi yangu ni hiyo hiyo: nina meza na kompyuta tatu karibu na Mwembe Tayari, watu huja niwajazie fomu za kodi za KRA, niwaombee pasi, niwakatie tiketi za treni. Kutafuta mtandaoni ndiyo jembe langu.

Baada ya hapo nikaanza kuzichunguza injini za kutafuta zinazolipiwa kwa mwezi, zisizoonyesha tangazo hata moja. Nimezitumia, nimezipima na za bure, nimefikia uamuzi wangu. Uamuzi wako unaweza kutofautiana na wangu, kwa hivyo nimeandika hatua nilizopitia, kila mtu ajipimie.

Jua nani anakulipia sasa

Ukivuka Likoni kwa miguu hulipi kitu, lakini feri inakula mafuta na mabaharia wanataka mshahara: wenye magari hulipa, na serikali huongezea. Injini ya bure nayo ina anayeilipia, na huyo ni mtangazaji. Google ilianza mwaka 1998, ikaanza kuuza matangazo kando ya majibu mwaka 2000, na biashara hiyo ndiyo iliyoikuza. Waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wameandika mwaka ule ule wa 1998, wakiwa bado wanafunzi Stanford, kwamba injini inayolishwa na matangazo itaelemea upande wa watangazaji na kwenda mbali na haja za watafutaji. Ukilipa wewe, hakuna mtu wa tatu wa kuridhishwa. Hilo ndilo dai la injini za kulipia, na ndilo tunalotaka kulipima.

Na kwa nini karibu kila simu inakuja na Google? Sehemu ya jibu ilitoka mahakamani Marekani. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikuwa imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria, na katika kesi hiyo ilibainika kuwa mwaka 2021 pekee ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe ndiyo inayotangulia kwenye simu na vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti. Wengi wetu hatukuichagua, tuliikuta.

Hatua ya 1: hesabu unatafuta mara ngapi, na unatafuta nini

Watu wengi hupenda kuiruka hatua hii, nami naona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Huwezi kujua kama shilingi 1,300 kwa mwezi, bei ya mpango mmojawapo tutakaouona mbele, ni nyingi ama chache kabla hujajua unazitumia kwa kazi gani.

Chukua wiki moja ya kawaida, isiwe ya Idi wala ile ya mwisho wa Juni watu wanapokimbizana na ritani za KRA. Kama unatumia Google ukiwa umeingia kwa akaunti yako, fungua myactivity.google.com, utaona ulichotafuta kwa siku na saa. Kama huingii kwa akaunti, historia ya kivinjari inatosha. Kisha chukua daftari, uchore safu tatu.

Safu ya kwanza naiita njia. Ni pale unapoandika "iTax" au "eCitizen" hali unajua unakokwenda, unataka tu ushikwe mkono hadi mlangoni. Safu ya pili ni jibu dogo: dola ni shilingi ngapi leo, mechi iliishaje, Magharibi ni saa ngapi. Safu ya tatu ni kazi: swali ambalo jibu lake hulijui, hujui liko wapi, na utafungua kurasa tatu nne kabla hujaridhika.

Wiki yangu ilitoka hivi: njia 97, majibu madogo 54, kazi 61. Jumla 212. Nilikaa nikaitazama ile 97 kwa muda. Karibu nusu ya kutafuta kwangu hakukuwa kutafuta, na mjomba alijikwaa papo hapo kwenye safu hiyo: alijua anakotaka kwenda, ila alimwuliza njia mtu anayelipwa na wenye maduka ya kandokando.

Dawa ya safu ya njia haina gharama. Fungua tovuti halisi mara moja, isome anwani herufi kwa herufi, bonyeza alama ya nyota, uiweke kwenye alamisho. Iliyo ya kodi ni itax.kra.go.ke. Ya kibali cha kuingia nchini ni etakenya.go.ke. Huduma nyingi nyingine za serikali ziko ecitizen.go.ke. Anwani zinazoishia .go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali pekee, kwa hivyo ni alama nzuri ya kutazama, lakini haitoshi peke yake: Shirika la Reli, mathalani, anwani yake inaishia krc.co.ke, na hiyo .co.ke mtu yeyote anaweza kujisajilia. Ndiyo nasema alamisho. Ukishaithibitisha anwani mara moja, huna haja ya kukumbuka kanuni kila siku huku wateja watatu wamesimama mbele yako.

Nilipomaliza kazi ya alamisho, wiki yangu ilishuka kutoka 212 hadi 115 au karibu na hapo. Kumbuka hizo 61 za kazi, tutazirudia.

Hatua ya 2: safisha cha bure kwanza

Usilipe mtu akuondolee matangazo kabla hujajaribu kuyaondoa mwenyewe. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba wahalifu hununua matangazo kwenye injini za kutafuta wakijifanya kampuni zinazojulikana, na miongoni mwa ushauri wake ilikuwa watu watumie kizuia matangazo wanapotafuta. Taasisi ya upelelezi ikifika mahali pa kusema hivyo, mimi naona jambo hili limetoka kwenye starehe, limeingia kwenye usalama.

Kwenye kompyuta, weka Firefox, kisha uongeze kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin. Ni ya bure kabisa. Chrome imeacha kuikubali ile kamili. Kuna iliyopunguzwa, uBlock Origin Lite, inayosaidia kiasi. Kwenye simu ya Android, Chrome haikubali viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea kama hiyo, lakini Firefox inakubali, hivyo kizuia matangazo kile kile unaweza kutembea nacho mfukoni. Asiyependa kuhangaika na viendelezi, kivinjari cha Brave huzuia matangazo chenyewe tangu unapokiweka. Na DuckDuckGo, injini ya kutafuta iliyoanza mwaka 2008, ina sehemu kwenye mipangilio ya kuzima matangazo yote, bila kulipa na bila kufungua akaunti.

Kompyuta zangu tatu zilinichukua muda wa kati ya Adhuhuri na kuja kwa chakula. Kaa hivyo wiki mbili. Bando nalo litapumua, kwa kuwa kurasa unazofungua baada ya kutafuta ndizo zinazobeba matangazo mazito ya video.

Khalati yangu anauza viazi vya karai Kibokoni. Alinikuta nikimwekea Firefox kwenye simu yake, akauliza, "Na hiyo ya kulipia, mwanangu, niichukue?"

"Wewe khalati unatafuta nini kwa siku?"

"Mawaidha. Mapishi siku moja moja. Na kujua dola imefika wapi, wanangu wakituma."

Nikamwambia abaki hapo alipo. Kama baada ya wiki mbili za kusafisha huna unalolalamikia, nawe baki hapo, usome mengine kwa kutaka kujua tu.

Kinachobaki matangazo yakiondoka

Jirani yangu ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Siku moja alikuja na mteja aliyenunua gari Japani, mteja mbishi, anadai ameambiwa umri wa gari si tatizo. Sheria yenyewe jirani anaijua usingizini: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hakuhitaji kuelezwa. Alitaka waraka wenyewe kutoka KEBS, shirika la viwango la Kenya, wenye tarehe ya karibuni na nembo, aufungue mbele ya yule bwana amalize maneno.

Nikatafuta kwa injini ya bure, iliyosafishwa vizuri, bila tangazo hata moja. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa ni wauzaji wa magari na madalali. Kila mmoja ana "mwongozo kamili", kila mmoja amerudia sentensi zile zile za mwenzake, na kila mmoja anamalizia kwa namba ya WhatsApp. Nilifungua kurasa tano. Mbili zilitaja kanuni za miaka iliyopita kana kwamba ni za sasa. Hayo hayakuwa matangazo, kwa hivyo kizuia matangazo hakikuwa na la kufanya. Ni kurasa zilizoandikwa ziipendeze injini, si zimsaidie msomaji, nazo hupanda juu kwa sababu waandishi wake wanajua injini inapenda nini.

Jioni, wateja wamekwisha, nikaliuliza swali lile lile kwenye Kagi, injini ya kulipia niliyokuwa naijaribu. Sitaki kudanganya: mara ya kwanza ilikuwa nafuu kidogo tu. Wauzaji walikuwapo pia. Tofauti ilikuja baadaye. Kando ya kila jibu kuna alama ndogo. Ukiibonyeza unapewa nafasi ya kuiambia injini tovuti hii uizuie isionekane tena, uishushe, uipandishe, au uibandike juu kabisa. Nikazuia wauzaji sita, mmoja mmoja. Nikapandisha kebs.org na kra.go.ke. Nikauliza tena. Waraka ulikuwa wa pili kutoka juu.

Na wale sita hawajarudi kwenye kompyuta hiyo hadi leo. Jambo hilo ndilo lililonifanya nifikirie kulipa, kuliko kukosekana kwa matangazo. Mtu anayetafuta mambo ya aina moja kila siku, awe wa forodha, wa sheria, wa tafsiri au wa programu za kompyuta, huwajua wanaomchafulia njia. Kuweza kuwafukuza mara moja, wakafukuzika, ni kitu chenye thamani.

Hatua ya 3: zijue bei kabla ya kusifu

Nimepiga hesabu kwa shilingi 130 kwa dola, iwe rahisi kichwani.

Kagi ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Vladimir Prelovac, na injini yake ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2022. Hukupa utafutaji 100 wa bure wa kujaribia. Ukimaliza, kuna mpango wa dola 5 kwa mwezi, yaani sh 650, wenye utafutaji 300. Na wa dola 10, sh 1,300, usio na kikomo. Kuna na wa familia wa dola 20 kwa watu wasiozidi 6, ambao kwa nyumba iliyojaa unaangukia chini ya sh 450 kwa kila mtu. Ujue pia kwamba Kagi haikusanyi majibu yote yenyewe. Huchukua mengi kwa wengine, ikaongeza yake, kisha ikapanga upya. Unalipia mpangilio na vifaa vya kupangia, kwa hivyo usitegemee kuonyeshwa mtandao mwingine usiowahi kuuona.

Brave Search ina ya bure yenye matangazo, na ya kulipia dola 3, karibu sh 390, isiyo nayo.

Kumbuka na Neeva. Ilianzishwa mwaka 2019 na watu wawili waliotoka Google, Sridhar Ramaswamy na Vivek Raghunathan. Huyo wa kwanza ndiye aliyekuwa akiongoza upande wa matangazo huko. Ilikuwa injini nzuri, haina tangazo, na juni 2023 ilifungwa kwa umma. Ndiyo nakwambia lipa kwa mwezi. Punguzo la mwaka mzima linavutia, lakini biashara hizi bado ni changa.

Hatua ya 4: maswali ishirini yako mwenyewe

Usitumie maswali ya mfano ya mtu mwingine, hata haya yangu. Rudi kwenye daftari, safu ya kazi, utoe maswali 20 uliyowahi kuuliza kweli. Yaulize kwenye injini ya bure iliyosafishwa na kwenye ya kulipia, siku moja, kwa maneno yale yale. Toa alama 2 kama jibu lilikuwa ndani ya viungo vitatu vya kwanza, 1 kama lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, 0 kama hukulipata. Ukifanya hivyo unatumia utafutaji 20 tu kati ya zile 100 za bure, nafasi ya kuzuia na kupandisha tovuti ukarudia bado ipo.

Hakikisha angalau maswali matano ni ya Kiswahili, na matano ni ya mambo ya hapa hapa mjini. Sehemu hii wageni wanaosifu injini hizi hawaigusi, kwa sababu haiwahusu. Mimi niliuliza duka la dawa lililo wazi usiku Tudor. Google ilinipa ramani, simu na saa za kufunga. Ya kulipia ilinipa orodha za biashara ambazo nyingine zilishahama. Google inashinda hapa kwa sababu wenye maduka wenyewe wameandikisha maduka yao kwake. Niliuliza siku za bamvua mwezi huo, kwa ajili ya mvuvi mmoja anayekuja kuchapisha karatasi zake, kwa Kiswahili kabisa. Zote mbili zilibabaika. Ya bure kidogo iliisogelea maana. Nikaandika kwa Kiingereza, habari za maji kujaa na kupwa Kilindini, zote mbili zikaleta jedwali.

Inanisikitisha kuandika haya. Lugha inayosemwa na watu wengi namna hii ilistahili kupimwa na kila injini inayotaka pesa zetu. Lakini mwongozo ni mwongozo: kama kazi yako kubwa ni kutafuta kwa Kiswahili, au kutafuta maduka, barabara na namba za simu za Mombasa, ya kulipia haitakufaa kwa sasa.

Kwenye ishirini zangu, tisa zilikuwa sare, nne ya bure ilishinda, saba ya kulipia ilishinda. Zile saba zote zilikuwa za nyaraka, sheria, viwango vya kodi, na matatizo ya kompyuta yenyewe: printa inayogoma, faili lisilofunguka.

Hatua ya 5: geuza dakika kuwa shilingi

Tuseme unapata sh 30,000 kwa mwezi, siku 26, saa 8 kwa siku. Hiyo ni saa 208, yaani kama sh 144 kwa saa. Mpango wa sh 1,300 unakutaka uokoe saa 9 kwa mwezi ndipo urudishe pesa yako, karibu dakika 21 kila siku ya kazi. Kwa kutafuta peke yake, dakika 21 ni nyingi. Mpango wa sh 650 unakutaka uokoe nusu yake, dakika 10 na kitu.

Sasa tuseme unawatoza wateja sh 500 kwa saa, kama mfasiri au fundi wa programu. Sh 1,300 ni saa 2 na dakika 36 kwa mwezi, dakika 6 kwa siku. Hilo linawezekana bila taabu.

Kuna na hesabu nyingine ambayo dakika haziionyeshi: gharama ya kukosea. Jirani yangu wa bandarini akifuata kanuni iliyopitwa na wakati, kontena linalala, na kila siku ya kulala ina malipo. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha TUM anayeandika tasnifu akinukuu ukurasa wa dalali, msimamizi atamrudisha mwanzo. Kwa watu kama hawa, kosa moja linaloepukwa kwa mwaka linaweza kulipia mwaka mzima. Kwa anayetafuta mapishi, kosa ni chumvi.

Ujipime pia dhidi ya kitu unachokijua. Sh 1,300 kwa mwezi inakaribia nauli ya daraja la kawaida ya treni ya Madaraka kutoka Miritini hadi Nairobi, ambayo ni 1,500. Kwa mwaka ni sh 15,600. Liseme hilo la mwaka kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 6: chagua ndogo, na uitumie kwa kazi tu

Nilirudi kwenye zile 61 za wiki. Kwa mwezi zinatoka kama 260, chini ya 300. Mpango wa dola 5 unanitosha, sharti nisizipoteze kwa kuuliza saa ya Magharibi.

Njia yake ni hii. Usiifanye ya kulipia kuwa injini ya kwanza ya kivinjari. Acha ya bure iliyosafishwa itangulie, na ya kulipia uipe njia ya mkato. Kwenye Firefox, ingia mipangilio, sehemu ya utafutaji, utaona orodha ya injini na nafasi ya kuipa kila moja neno lake fupi. Yangu nimeipa herufi moja, k. Nikiandika swali kavu kwenye upau, linakwenda kwenye ya bure. Nikitanguliza k na nafasi, linakwenda kwenye ya kulipia. Siku mbili za kwanza nilikuwa nasahau. Sasa kidole kinajua chenyewe.

Hatua ya 7: kulipa ukiwa huku

Kampuni hizi kwa kawaida hutaka kadi. Kama huna ya benki, M-Pesa ina kadi ya mtandaoni ya Visa, GlobalPay, unayoifungua kwa *334# au kwenye programu ya M-Pesa. Kabla hujathibitisha, tazama vitu viwili: kiwango cha dola utakachokatiwa, ambacho huwa juu kidogo ya kile cha habari za jioni, na kama kodi imeongezwa juu ya bei. Andika jumla halisi daftarini, ndiyo utakayoipima, si ile dola 5 iliyo kwenye ukurasa wa kampuni.

Malipo hujirudia kila mwezi yenyewe. Salio likiwa pungufu siku hiyo, hayapiti. Likiwapo, yanakatwa hata kama hujaigusa injini wiki tatu. Kwa hivyo weka kengele kwenye simu siku tatu kabla ya tarehe ya kukatwa.

Kuhusu siri zako

Wengi hudhani kulipa ni sawa na kujificha. Sivyo moja kwa moja. Injini ya bure bila akaunti haijui jina lako. Ya kulipia ina barua pepe yako na malipo yako, hivyo unaiamini kampuni kwa neno lake kwamba haiweki kumbukumbu za ulichotafuta. Kagi ilileta mwaka 2025 njia inayoitwa Privacy Pass, inayothibitisha kwamba umelipa bila kuonyesha wewe ni nani, na ni hatua ninayoiheshimu.

Kwa sisi wenye kompyuta za watu wengi, kuna jambo la karibu zaidi. Mteja akikaa kwenye kompyuta yangu akatafuta habari ya ugonjwa wake, swali hilo lisipite kwenye akaunti yenye jina langu, wala lisibaki kwenye historia akalikuta anayefuata. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inatambua habari za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, ni amana. Akaunti ya kulipia iko kwenye kompyuta yangu pekee. Zile mbili za wateja zina Firefox, uBlock Origin, DuckDuckGo, na zimewekwa zifute historia kila kivinjari kinapofungwa.

Hatua ya 8: siku ya kuamua tena

Tarehe 24 ya kila mwezi, saa mbili asubuhi, kabla sijapandisha shata, nafungua ukurasa wa akaunti nitazame nimetumia ngapi kati ya 300. Zikiwa chini ya 100 miezi miwili mfululizo, nasitisha. Ya bure inanitosha. Zikifika 300 kabla ya tarehe 20, kwanza napekua kama nimekuwa nikipoteza kwenye majibu madogo, ndipo nifikirie ule wa dola 10. Mwezi uliopita zilikuwa 241. Na orodha ya tovuti nilizozizuia imefika 38. Nimeinakili kwenye faili, ili siku nikiamua kuondoka niondoke nayo.